Mwahija Amekaa Tu

Kuna kijana mmoja redioni ambaye kila Jumamosi asubuhi anatufundisha sisi wanawake namna ya kupata pesa tukiwa nyumbani, bila mtaji. Sauti yake tamu, maneno yake laini. "Mama, anza na ulichonacho!" anasema. Mimi humsikiliza huku napepeta mchele, na kila Jumamosi natamani angekuwa karibu nimpige na ungo. Si kwamba anasema uongo. Shida yake anaishia njiani. Hasemi kwamba mwanamke akishaanza na alichonacho, akafanya kazi kwake mpaka vidole vikaota sugu, watu watachungulia mlangoni, watamwangalia, kisha watasema: huyu naye amekaa tu.

Basi mimi nitamsaidia kumalizia, maana nimeyaona kwa macho yangu kwa jirani yangu Mwahija, hapa hapa Nyahanga, Kahama. Jina langu Evelina, ila tangu nilipomzaa mwanangu wa kwanza hakuna anayeniita hivyo. Naitwa Mama Ansgar. Ni Mkatoliki wa Ushirombo, nauza mchele hapa na Geita, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Mwahija ni Mwislamu, mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Kati ya nyumba yake na yangu kuna uzio wa minyaa wenye tundu, na tundu hilo tulilitoboa wenyewe ili tusipate shida ya kuzunguka barabarani kuombana chumvi.

Mama yake Mwahija alikuwa mtu wa Pangani aliyeolewa na mkulima wa pamba wa Samuye. Huko Samuye watu walimcheka kwamba hajui kushika jembe. Lakini alijua kushika sindano, na alimfundisha binti yake kazi moja ya kwao: kushona kofia za wanaume kwa mkono. Si kofia hizi za mashine. Unachukua kitambaa cheupe cha bafta, tabaka mbili, unachora maua kwa penseli, kisha unatoboa vitundu vidogo vidogo na kila kitundu unakizungushia uzi pande zote. Kofia moja inakula wiki na wiki. Ukiharakisha, inaonekana.

Mwahija alikuwa anamshonea mumewe tu, Ibrahimu, kila inapokaribia Idi. Ibrahimu alikuwa na kichwa kikubwa, Mungu amrehemu. Kofia za dukani zilimkaa kama kifuniko cha birika juu ya sufuria. Alikuwa akizunguka machimboni upande wa Geita kununua punje za dhahabu kwa wachimbaji wadogo na kuwapelekea matajiri. Safari moja alirudi na kifua. Alikohoa majira yote ya masika, kisha akafa, akamwacha Mwahija na binti mmoja wa miaka kumi, Zuhra.

Msibani ndipo nilipomjua Abdulwahab, kaka mkubwa wa marehemu. Huyu ana duka lake Geita mjini, ananunua dhahabu, ana mizani na simu mbili. Namjua mimi, yeye hanijui. Siku zote za msiba nilikuwa uani nasonga ugali wa watu wote, moshi machoni, na mpishi wa msiba hana sura. Alinipitia mara ngapi sijui, hata salamu hakutoa.

Matanga yalipoanuliwa, Abdulwahab akaingia ndani "kuhifadhi vitu vya marehemu." Alihifadhi pikipiki. Akahifadhi kanzu zote, saa, na simu. Alifungua hata bati la biskuti alilokuwa akitunzia Mwahija sindano zake, akaona nyuzi na kitambaa kilichoshonwa nusu, akalifunga. "Haya ya wanawake," akasema, akaliacha. Kisha akatoka barazani na kutangaza mbele ya watu: "Eda ya shemeji ikiisha, tutakaa kikao. Zuhra nitamchukua mimi, akakae kwangu Geita. Shemeji hana kazi. Mtoto atakula nini?"

Watu wakaitikia, Mashallah, kaka mwenye huruma. Nikaukandamiza mwiko ndani ya ugali. Nyumba ya Abdulwahab naijua, kwa sababu namuuzia mchele mama wa nyumba ya pili yake. Ana mke mwenye mapacha wachanga, na kuna binti mwingine wa ukoo aliyechukuliwa hivyo hivyo, kwa huruma hiyo hiyo, akalelewe. Binti huyo nilimkuta saa nne ya asubuhi, siku ya shule, anafua nepi. Sasa amekua, ameolewa, na nafasi yake iko wazi. Mwahija naye alilijua hilo. Siku ile alinishika mkono kupitia tundu la uzio akaniambia, "Mama Ansgar, mwanangu anaenda kuwa yaya."

Alichokuwa nacho ni muda wa eda tu. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, haonani na wanaume wasio ndugu zake. Miezi hiyo ndiyo aliyopewa kuonyesha kwamba nyumba yake inajilisha, na miezi hiyo hiyo hawezi kuvuka barabara. Mimi nilidhani basi, kwisha habari. Nikaenda kumuuliza Bi Zamoyoni, ajuza aliyekuwa akimsimamia katika eda yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hivi eda inakataza mtu kufanya kazi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Inakataza wanja, hina, manukato na kuzurura. Sindano haikuitaja."

Basi Mwahija akaanza na alichonacho, kama anavyosema yule wa redioni. Wanawake walikuwa wakija kumpa pole, na kila aliyekuja alimkuta na sindano mkononi. Haukupita muda pole zikaanza kuja na vifurushi. Justa wa nyumba ya tatu akaleta sare za watoto wake zikunjwe pindo. Mama mmoja wa Kisukuma akaleta gauni la kanisani: "Mayu, nishikizie hapa kwapani, kwa vile umekaa tu." Mwingine pazia, mwingine shuka. Mwahija alishona vyote, na vilirudi vizuri kuliko vilivyotoka kiwandani. Wakachukua. Wakamwombea dua. Wakaondoka.

Hakuna aliyelipa hata mmoja! Nilipowauliza, walinishangaa kana kwamba nimetukana. "Utamlipaje mfiwa?" Justa akaniambia. "Mfiwa anapewa rambirambi, Mama Ansgar. Ukimlipa, si unafanya biashara na msiba?" Ndivyo desturi ilivyo kwetu, na sikatai, ni desturi nzuri. Lakini rambirambi zilitolewa siku za msiba na zikaisha na msiba. Malipo hayatolewi kwa sababu ni mfiwa, na rambirambi haitolewi tena kwa sababu msiba umepita. Basi huyu mwanamke ale nini, pindo? Na tena walikuwa wakisema wanamsaidia, eti wanampa kitu cha kumsahaulisha. Kusahaulishwa kwa kufanyishwa kazi bure! Nimeishi duniani, sijawahi kuona msaada ambao mwenye kusaidiwa ndiye anayechoka.

Nikasema hapana. Nikachukua kigoda changu nikakaa mlangoni kwa Mwahija kila jioni, kikapu miguuni. "Yeye yumo kwenye eda," nikawa nawaambia. "Mimi simo. Nilipeni mimi." Walilipa siku mbili tatu, kwa kukunja uso. Kisha maneno yakazunguka mtaa mzima kwamba Mama Ansgar, Mkristo yule, anamla mjane wa Kiislamu kama kupe. Vifurushi vikakoma. Na pole zenyewe zikakoma, ndipo tukajua zilikuwa pole za namna gani.

Nilimwendea Mwahija nikijiandaa kulaumiwa. Alikuwa kakaa dirishani.

"Umenifukuzia wateja wangu," akasema.

"Wateja gani? Mteja analipa!"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afiwe. Halafu akalivuta lile bati la biskuti, akatoa kile kitambaa kilichoshonwa nusu. Ilikuwa kofia. Alikuwa akimshonea Ibrahimu kwa ajili ya Idi, akaiacha siku mumewe alipozidiwa. Haikuwa na maua ya kawaida. Alikuwa amechora vitumba vya pamba vilivyopasuka, vile alivyoviona utotoni katika shamba la baba yake Samuye, kimoja kikimfuata kingine kuzunguka kichwa chote.

"Nitaimaliza," akasema. "Wewe utaipeleka Geita pamoja na mchele wako."

"Hiyo si ya kuuza, Mwahija."

"Aliyekuwa aivae hayupo. Aliyebaki ni Zuhra."

Aliimaliza kwa uzi mwingine, maana ule wa zamani ulikuwa umekwisha, na Zuhra alikuwa akirudi shule anakaa miguuni kwake kumshikia uzi usijifunge. Kwa mbali ilionekana nyeupe moja. Ukiisogeza karibu unaona mahali fulani nyuma weupe umebadilika kidogo, umekuwa kama maziwa.

Ijumaa nikasimama Geita, si mbali na msikiti, baada ya kumaliza mchele. Nina rozari shingoni na kofia mkononi. Unaweza kufikiria nilivyotaniwa. "Mama, wewe na kofia wapi na wapi?" Nikawajibu, "Nanyi na mchele wangu wapi na wapi, mbona mnakula?" Wakacheka, wakaijaribu. Wote iliwazama mpaka masikioni. Wengine waliisifu kisha wakauliza imeshonwa wapi, na nilipowaambia Kahama, kwa mwanamke aliye nyumbani kwake, nikaona bei inashuka usoni mwao kabla hata hawajafungua mdomo. "Aa, kumbe ya nyumbani," mmoja wa wanunuzi wa dhahabu akasema. "Basi utanipunguzia, si amejishonea tu akiwa amekaa?" Nilitamani kumuuliza yeye dhahabu zake anazipima akiwa amesimama kwa mguu mmoja? Nikajizuia.

Ndipo akatokea Abdulwahab. Alinitazama usoni kabisa, mimi niliyempikia ugali wa msiba wa kaka yake, wala hakunijua. Akaichukua kofia, akaigeuza, akaivaa. Ikamkaa. Kichwa cha ukoo wao ni kimoja.

"Hii ndiyo kazi," akawaambia wenzake. "Hii ya Unguja hii. Huku kwetu nani anaweza hivi?"

Mimi sikusema Unguja. Wala sikumsahihisha. Vitumba vya pamba vinamzunguka kichwa, mtu aliyezaliwa Usukumani, amekulia katikati ya pamba, na anaiita ya Unguja! Nikamtajia bei ambayo hata mimi iliniogopesha. Hakuuliza mara mbili. Alilipa pale pale, akaenda zake kifua mbele.

Njia nzima kurudi Kahama nilikuwa nachemka. Nilifurahi, ndiyo, lakini furaha ile ilikuwa na uchungu ndani yake. Mikono ni ile ile, sindano ni ile ile. Ikisemwa imetoka kwa Mwahija, ni mtu amekaa tu. Ikidhaniwa imetoka ng'ambo ya maji, ni kazi. Nilipompa Mwahija pesa hakuzitazama kwanza.

"Nani kaichukua?"

Nikamwambia.

"Imemkaa?"

"Kama alizaliwa nayo."

"Hata Ibrahimu angemwachia," akasema, akaanza kukunja pesa kwa ajili ya bafta.

Kuanzia hapo mambo yakaenda. Nilikuwa nikipima vichwa vya wanaume wa Geita kwa uzi, kila kichwa uzi wake, napiga fundo mwisho na kumletea. Niliwaambia wote imetoka Kahama, na atakayetaka bei ya mtu aliyekaa tu akashonewe na mkewe. Wengine waliondoka. Waliobaki walilipa, kwa sababu walikuwa wameiona kichwani kwa Abdulwahab na yeye hakuacha kujisifu. Zuhra alikula, akavaa viatu vipya, akaendelea na shule. Mwahija macho yalimwuma, vidole vikachanika, na jioni alikuwa akivitia kwenye maji ya chumvi. Hilo redioni hawalisemi.

Eda ikaisha. Bi Zamoyoni akamwogesha Mwahija, akamvika nguo mpya, dua ikasomwa. Baada ya dua wanaume wakabaki mkekani sebuleni kwa kikao, na sisi wanawake nyuma ya pazia. Alikuwapo mwalimu wa madrasa, mzee wa watu anayeheshimiwa. Na alikuwapo Abdulwahab, kavaa kanzu ambayo niliitambua mara moja kuwa ya Ibrahimu, na kofia ile ile kichwani. Mwahija hakuwa anajua kama ataivaa. Alipochungulia akaiona, alinifinya paja mpaka nikaguna.

Abdulwahab akaongea kwa upole mwingi. Watu wa namna yake huwa wapole sana wanapochukua kitu. "Hakuna anayemlaumu shemeji," akasema. "Amekaa eda yake vizuri, tunamshukuru. Lakini ukweli usemwe. Miezi yote hii amekaa tu. Mtoto hawezi kulelewa na mtu aliyekaa tu. Zuhra nitaondoka naye leo, nguo zake zifungwe."

Nilitaka kupasua pazia. Bi Zamoyoni akanikalia khanga nisiinuke, kweli kabisa, akakalia pindo la khanga yangu.

Wakati huo Zuhra akapita na sinia la chai. Alifika mbele ya Abdulwahab, akainama kuweka, akasimama vile vile akimtazama kichwani.

"Baba mkubwa, umevaa kofia ya baba."

Abdulwahab akacheka, na wazee wakacheka kidogo, kama watu wanavyomcheka mtoto yatima. "Hii imetoka Unguja, mwanangu."

"Hapana," Zuhra akasema. "Hiyo ni pamba ya kwa babu, Samuye. Mama alikuwa anamshonea baba. Mimi ndiye nilikuwa nashika uzi."

Kicheko kikaisha. Abdulwahab akafungua mdomo amkemee, lakini sauti ya Mwahija ikamtangulia kutoka nyuma ya pazia, ile ile ya chini.

"Shemeji, nyuma ya sikio la kushoto uzi unabadilika. Wa zamani uliishia pale siku Ibrahimu alipozidiwa. Mwingine nilianza nikiwa ndani ya eda."

Mwalimu wa madrasa akanyoosha mkono. Mtu hawezi kumnyima mzee yule. Abdulwahab akaivua. Mzee akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaizungusha taratibu, akasimama mahali pamoja.

"Umebadilika," akasema. Akamgeukia Abdulwahab. "Ulipewa?"

"Niliinunua, mwalimu."

"Kwa bei gani?"

"Kwa bei ya Unguja!" nikajibu mimi kutoka nyuma ya pazia, ingawa hakuna aliyeniuliza. Bi Zamoyoni akanipiga kibao gotini. Abdulwahab akageuka kuitazama ile sauti, na nadhani ndipo aliponikumbuka.

Mzee akaiweka kofia mapajani. "Unasema huyu mama hana kazi," akasema mwishowe, "na kazi yake umekuja nayo kichwani. Mtoto amekwisha lishwa na mama yake, na wewe ni mmoja wa waliomlisha, kwa sababu ni mteja. Zuhra, mwanangu, peleka sinia kwa wengine. Huendi popote."

Mwahija alinishika mkono. Nililia mimi, yeye hakulia.

Abdulwahab alikuwa amebaki na kichwa kitupu mbele za watu. Mzee alipomrudishia kofia hakuivaa, aliishika mkononi asijue aifanye nini. Kisha akainuka, akaja karibu na pazia, akaipitisha kwa mkono. Nadhani ilikuwa aibu ya kweli, siwezi kumnyima hilo.

"Shemeji, ichukue. Ni ya marehemu."

Mwahija hakuipokea.

"Ivae, shemeji," akasema. "Katika mtaa huu na ukoo huu, wewe ndiye wa kwanza kunilipa bila kukunja uso."

Wazee wote walikuwa wakimtazama Abdulwahab. Akaivaa, na ilimkaa vizuri sana.